Nyumba Njema Si Mlango: Kibanda cha Kwenye Picha na Nyumba za Pwani ya Lindi

Picha ya kijiji ipo karibu kila mahali. Ipo sebuleni kwa paroko, ipo mapokezi ya hoteli, ipo kwenye kalenda ambazo taasisi nyingi huwatumia wafadhili kila mwisho wa mwaka. Ndugu msomaji, unaijua hata kabla hatujaieleza. Kuna vibanda viwili au vitatu vya msonge vilivyoezekwa nyasi. Kuna mbuyu mmoja, na nyuma yake jua jekundu linazama. Mama amebeba mtungi kichwani na mtoto mgongoni, anatembea wima. Moshi unapanda taratibu. Hakuna mgonjwa, hakuna deni, hakuna mvua.

Katika makala hii tunataka kuihoji picha hiyo. Hatuna ugomvi na rangi zake wala na aliyeichora. Tunaihoji kwa sababu sisi mafrateri tunaandaliwa kutumwa kwa watu wanaoishi ndani ya nyumba za namna hiyo, na mtu huwatendea wenzake kadiri anavyowaona. Tumechukua mfano wa Kilwa na pwani ya Lindi, kwa kuwa baadhi yetu ni wazaliwa wa huko, na wengine hupelekwa huko wakati wa likizo kwa kazi za kichungaji. Hoja yetu ni hii: picha inayoupamba umaskini wa kijijini haiwaheshimu wanakijiji, hata kama inawapenda, na Kanisa linalotaka kuwatumikia halina budi kujifunza kuona zaidi ya picha hiyo.

Nyumba ambayo haipo

Jambo la kwanza analoligundua mtu wa Lindi akiitazama picha hiyo ni kwamba nyumba si yake. Kuanzia Somanga hadi Mchinga na kuendelea kusini, nyumba ya asili ya pwani si msonge. Ni ya pembe nne. Nguzo zake ni miti, mara nyingi boriti za mikoko. Fito hufungwa kwa kamba, udongo hukandikwa katikati, na juu huezekwa makuti ya mnazi yaliyosukwa. Mbele kuna baraza, na baraza ndiyo moyo wa nyumba: hapo mgeni hukaribishwa, hapo korosho hubanguliwa, hapo wazee hukaa jioni. Nyuma kuna ua, mahali pa akina mama na jiko. Mchoraji anayeweka msonge kando ya bahari ya Hindi anachora ndoto ya mnunuzi kuhusu Afrika. Si Lindi hiyo.

Si mara ya kwanza kwa pwani hii kuchorwa na watu wasiokaa ndani yake. Mwaka 1572, huko Cologne, Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chao kikubwa cha picha za miji ya dunia. Kilwa imo humo, ukurasa mmoja na Aden, Mombasa na Sofala. Ni mji wa majumba na minara mbele ya bahari iliyotulia. Lakini mwaka 1505, yaani miaka 67 kabla ya picha hiyo kuchapishwa, Wareno chini ya Francisco de Almeida walikuwa wameuvamia mji huo na kuupora. Aliyenunua kitabu Ulaya aliuona mji mtulivu. Hakuona jeraha.

Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri sana, na akaandika kwamba ulijengwa kwa miti. Leo mgeni akivuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani haoni miti hiyo. Anaoneshwa mawe ya matumbawe: Msikiti Mkuu, kasri la Husuni Kubwa, magofu ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Nyumba za mawe zimebaki, za miti zimeoza. Hivyo historia yenyewe huchagua: ya mtawala hudumu, ya mvuvi hupotea. Ndiyo maana picha ya nyumba ya mvuvi si jambo dogo. Mara nyingi picha ndiyo kumbukumbu pekee itakayobaki, na kama kumbukumbu hiyo ni ya uongo, mvuvi amepotea mara mbili.

Ugonjwa wa zamani

Tusidhani kwamba tatizo hili ni letu sisi Waafrika peke yetu, au kwamba limeletwa na watalii. Ulaya ililiugua kabla yetu. Katika karne ya 18 Thomas Gainsborough alichora vibanda vya maskini wa Uingereza: mama mzuri mlangoni, watoto wanono, miti mikubwa ikiwafunika. Mwaka 1821 John Constable alimaliza picha yake maarufu ya mkokoteni wa majani katikati ya mto, na kando yake nyumba nyeupe ya shambani. Ni picha inayotuliza macho. Lakini enzi hizo wakulima wengi wa Uingereza walikuwa wamepoteza malisho na mashamba ya pamoja, kwa kuwa sheria za Bunge ziliyazungushia ua na kuyafanya mali ya watu binafsi. Mwaka 1830 vibarua wa mashambani waliokuwa na njaa walichoma vitita vya nafaka na kuvunja mashine za kupuria. Hasira hiyo huioni kwenye picha. Waliozinunua picha za namna hiyo mara nyingi walikuwa wenye mali, na mwenye mali angependa kuamini kwamba kibarua wake ana furaha.

Ufaransa walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1783 malkia Marie Antoinette alianza kujengewa kijiji cha mchezo ndani ya bustani za Versailles, chenye vibanda vya nyasi, kinu na zizi la ng'ombe. Mafundi walichora nyufa za bandia ukutani ili nyumba zionekane kuukuu. Fikiria jambo hilo. Maskini anaziba ufa ili nyoka asiingie, na tajiri anamlipa fundi amchoree ufa. Miaka kumi baadaye malkia huyo aliuawa katika mapinduzi ya watu waliokosa mkate.

Mwaka huohuo wa 1783, nchini Uingereza, kasisi mmoja wa Kianglikana aitwaye George Crabbe alichapisha utenzi uitwao The Village, kuwapinga washairi waliokuwa wakiwasifia wakulima kwa maisha ambayo wakulima wenyewe hawakuyajua. Crabbe alikulia katika mji maskini wa wavuvi, na baadaye akawa kasisi msaidizi hapohapo. Alikuwa amewaona wagonjwa wakilala sakafuni. Sisi tunaona fahari kwamba sauti hiyo ilitoka kwa mtu wa madhabahu. Kazi ya mchungaji si kuwachukia wasanii, lakini mchungaji ameingia ndani ya nyumba, na aliyeingia ndani hawezi kunyamaza akisikia mlango tu ukisifiwa. Wahenga wetu walikwisha kusema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Wachoraji wetu

Tukirudi nyumbani, tunawakuta wachoraji wawili ambao kila Mtanzania anayejali sanaa anapaswa kuwajua.

Wa kwanza ni Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923. Alisoma na kufundisha Makerere, akaendelea na masomo London, na baada ya Uhuru akawa Balozi wetu Uingereza. Picha zake ni za Uchagani: vilima, migomba, nyumba, na watu wadogo wadogo wakifanya kazi pamoja. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ipo katika Jumba la Sanaa za Kisasa, New York. Katika kijiji cha Ntiro hatuoni ugomvi wa mipaka ya vihamba. Wote wanajenga, wote wanavuna. Tunaelewa kwa nini. Alichora wakati wakoloni walikuwa bado wakisema kwamba Mwafrika hana utaratibu wala ustaarabu. Picha yake ilikuwa jibu: tazameni, tuna jamii, tuna sherehe, tuna kazi ya pamoja. Kuna wakati ambapo kuusifu uzuri wa nyumbani ni kitendo cha haki.

Wa pili ni Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, kusini kwetu. Aliondoka kijijini kama walivyoondoka vijana wengi wa kusini, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora kwa rangi za mafuta za kung'aa juu ya vipande vya ubao wa dari, na picha zikauzwa Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, kwa wageni. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Ndugu na wanafunzi wake wameiendeleza sanaa hiyo, na leo neno Tingatinga ni jina la mtindo mzima. Wanyama ndio waliomfanya ajulikane zaidi, lakini ukipita leo kwenye vibanda vya sanaa utaona pia picha nyingi za maisha ya kijijini: mwanamke anatwanga, mwanamume anavua, watoto wanacheza chini ya mwembe, na vile vibanda vya msonge.

Hapa tunapenda kusema kwa uangalifu. Mchoraji huyo naye ni maskini. Anachora kinachonunuliwa, kwa kuwa kodi ya chumba haingoji. Kama mnunuzi anataka kijiji kisicho na bati, mchoraji ataling'oa bati. Kumlaumu yeye ni kumwonea. Lakini tuone mzunguko ulivyo: kijana anakimbia kijiji kwa sababu ya shida, anafika mjini, na njia yake ya kupata chakula ni kumchorea mgeni kijiji kisicho na shida. Maisha ya Tingatinga mwenyewe, kuanzia Tunduru hadi mkonge wa Tanga hadi risasi ya Dar es Salaam, ndiyo habari ambayo picha za kijijini hazisemi.

Mtakatifu Thoma anatusaidia

Sisi tunaosoma falsafa tuna mazoea ya kukimbilia kwa Plato, ambaye katika kitabu cha kumi cha Jamhuri aliwashuku wachoraji kwa kuwa wanaiga mwonekano tu wa vitu. Lakini tukimfuata Plato hadi mwisho tutawafukuza wasanii wote, pamoja na waliotuchorea Njia ya Msalaba. Mtakatifu Thoma wa Akwino anatupa kipimo bora. Katika sehemu ya kwanza ya Summa, swali la 39, anataja mambo matatu yanayohitajika ili kitu kiwe kizuri: utimilifu, uwiano na mng'ao. Kitu kilichopungukiwa na sehemu yake, anasema, kwa sababu hiyohiyo kina ubaya. Kisha anaongeza jambo ambalo wengi hulipita: picha huitwa nzuri ikiwa inakiwakilisha kitu kikamilifu, hata kama kitu chenyewe si kizuri.

Tuipime picha yetu kwa kipimo hicho. Uwiano inao. Mng'ao inao, tena wa kupita kiasi. Inachokosa ni utimilifu. Haina choo. Haina chandarua. Haina ndoo za plastiki zilizopangwa foleni kisimani tangu alfajiri. Haina mwanafunzi anayesoma kwa tochi ya simu. Haina bodaboda, wala paneli ndogo ya jua iliyofungwa juu ya paa, wala mabati matano yaliyoegeshwa ukutani yakingoja mengine kumi. Haina mwaka 1905, wakati watu wa milima ya Matumbi nyuma ya Kilwa walipong'oa pamba ya Wajerumani na vita vya Majimaji vikaanza, vikafuatiwa na kuchomwa kwa vijiji na njaa kubwa. Haina mafuriko ya Januari 2020, yaliyoua watu Kilwa na sehemu nyingine za mkoa wa Lindi na kuwaacha maelfu bila makazi. Haina Mei 2024, wakati kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Nyumba ya udongo ndiyo ya kwanza kujua maana ya habari kama hizi. Ukuta unalowa, unalegea, unaanguka ndani.

Basi kwa kipimo cha Mtakatifu Thoma, picha hiyo ina kasoro kwanza kama picha, hata kabla hatujaongelea maadili. Na kinyume chake, mchoraji akituonesha nyumba iliyobomoka kwa ukweli kamili, ametupa kitu kizuri. Hatuhitaji kuchagua kati ya uzuri na ukweli.

Mifano ipo. Mapadre wengi wameshaiona picha ya Jean-François Millet ya sala ya Malaika wa Bwana, aliyoichora kati ya mwaka 1857 na 1859. Mume na mke wameinamisha vichwa shambani, kikapu cha viazi chini, uma wa kulimia umesimama udongoni. Millet mwenyewe alikuwa mtoto wa wakulima. Picha ni ya sala, lakini haifichi uchovu. Naye Vincent van Gogh, kabla ya kuwa mchoraji, alitumwa kama mhubiri kwa wachimba makaa ya mawe wa Borinage, Ubelgiji. Aligawa nguo zake, akahamia kibandani ili aishi kama wao, na waliomtuma hawakuuongeza mkataba wake. Mwaka 1885 akachora familia ya wakulima wakila viazi chini ya taa moja. Nyuso zao zimechoka, mikono yao ni ileile iliyochimba udongo. Hakuna aliyewahi kuiona picha hiyo akasema umaskini ni raha, wala hakuna aliyeiona akawadharau wale watu.

Makuti ya tajiri, makuti ya maskini

Tunajua pingamizi litakalokuja, na ni pingamizi la haki. Mtu atasema: lakini nyumba ya makuti kweli ni nzuri. Ina ubaridi mchana. Mvua ikinyesha haipigi kelele. Imejengwa na majirani, haikuhitaji benki. Bati la geji 30 likichomwa na jua la Kilwa Masoko linageuza chumba kuwa tanuri. Je, ninyi mafrateri mnataka kila mtu ahamie kwenye saruji?

Hatutaki hivyo. Tunakubali kila neno la sifa hizo. Ujuzi wa kusuka kuti, kuchagua boriti ambayo mchwa haili, kufunga fito bila msumari, ni hekima. Usione vyaelea, vimeundwa. Hayati Papa Fransisko katika Laudato si' ya mwaka 2015 alitukumbusha kwamba tamaduni nazo ni urithi unaoweza kuangamizwa, na kwamba makazi ya watu yasijengwe bila kuwasikiliza. Tatizo letu liko mahali pengine, nalo ni swali la nani anayechagua.

Tazama ukweli huu wa pwani yetu. Hoteli za ufukweni huezeka makuti, kwa kuwa mgeni analipia mwonekano huo. Chini ya makuti hayo kuna dari, umeme, maji ya bomba na feni. Paa likichakaa, mwenye hoteli anaita mafundi kesho yake. Jirani yake mwanakijiji ana makuti yaleyale, lakini hana chochote cha yale yaliyo chini. Paa lake likichakaa anangoja msimu wa ufuta au korosho, na bei ikiwa mbaya anangoja mwaka mwingine huku mtoto akilala pembeni pasipovuja. Kwa wa kwanza makuti ni pambo. Kwa wa pili ni hali asiyoweza kuitoka. Macho ya mchoraji hayaoni tofauti, kwa kuwa kwa mbali mapaa yanafanana. Ndiyo maana msimu ukiwa mzuri, jambo la kwanza ambalo familia nyingi hufanya ni kununua mabati. Hawajasaliti utamaduni. Wanataka kulala usingizi mvua inaponyesha.

Sisi wa Kanisa tulipaswa kuielewa tofauti hii kuliko wengine wote. Tunawaheshimu watawa kwa nadhiri ya ufukara. Lakini ufukara wa mtawa umechaguliwa, una jumuiya nyuma yake, na una chakula cha jioni. Umaskini wa mama wa Pande au Njia Nne haukuchaguliwa. Kuusifu umaskini wake kana kwamba ni nadhiri ni kumvika kanzu asiyoiomba. Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anamkemea anayemwambia ndugu aliye uchi aende kwa amani akaote moto, bila kumpa kitu. Picha inayomwambia maskini kwamba maisha yake ni mazuri kama yalivyo inafanana sana na maneno hayo.

Mwalimu alitaja kasoro

Mtu aliyetupa mfano bora wa kukipenda kijiji bila kukidanganya ni Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere. Hakuna aliyekisifu kijiji cha asili kuliko yeye: kuheshimiana, kumiliki pamoja, kila mtu kufanya kazi. Lakini katika andiko lake la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967, baada ya sifa hizo, alitaja wazi kasoro mbili za maisha ya asili. Ya kwanza ni kwamba wanawake hawakuwa sawa na wanaume, na walifanya kazi nyingi kuliko haki yao. Ya pili ni umaskini, ambao ulitokana na ujinga na udogo wa shughuli zenyewe. Hakuzificha ili picha ipendeze.

Turudi sasa kwa yule mama wa kwenye picha aliyebeba mtungi. Kila mchoraji humchora akiwa wima na mrembo. Mwalimu alimtazama mama huyohuyo na kuuliza kwa nini ni yeye tu anayebeba. Huo ndio mtazamo tunaoutaka. Haukumpunguzia mama heshima hata kidogo. Umemwongezea, kwa kuwa umemwona kama mtu mwenye haki zake, wakati mchoraji alimwona kama sehemu ya mandhari.

Ni kweli pia kwamba siasa ya vijiji ilikuwa na majeraha yake, hasa katika operesheni za miaka ya 1973 hadi 1976, watu walipohamishwa kwa nguvu na nyumba nyingine kubomolewa. Nalo ni funzo. Hata mpango mzuri unakuwa picha tu pale ambapo mwenye nyumba hakuulizwa. Lakini mwaka huohuo wa 1973 ilikuwepo kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu walikaa vikundi kando ya redio, wakajadili malaria na maji, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Choo hakijawahi kuwekwa kwenye picha ya mandhari. Hata hivyo, shimo lile liliokoa watoto.

Pango la Noeli

Kuna picha moja ya kibanda ambayo sisi Wakatoliki tunaitengeneza wenyewe kila mwaka. Tangu Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipoandaa hori la Greccio mwaka 1223, Wakristo wanajenga pango la Noeli. Katika parokia nyingi za pwani pango hilo huezekwa makuti, na ni jambo jema: Neno amefanyika mwili na akakaa kwetu, basi akae katika nyumba inayofanana na zetu. Lakini hori la Bethlehemu halikuwa kibanda cha kupendeza. Lilikuwa mahali pa mwisho, baada ya milango mingine kufungwa. Tukilizungushia taa za rangi hadi tukasahau kwamba Mtoto alilazwa humo kwa kukosa nafasi, tumeligeuza kuwa kijiji cha Marie Antoinette. Na hatua hamsini kutoka kanisani inaweza kuwepo nyumba ya makuti ya kweli, labda ya bibi Mwislamu asiye na wa kumwezekea, ambayo haitapata taa hata moja.

Kutokana na haya yote tunapendekeza mambo manne, madogo na yanayowezekana.

Kwanza, kila jumuiya ndogondogo inayojenga pango la Noeli itafute pia nyumba moja ya jirani yenye paa bovu, bila kuuliza dini ya mwenye nyumba, na iliezeke kabla ya mvua za masika. Pwani ya Lindi sisi Wakristo ni wachache kati ya ndugu zetu Waislamu, na tendo hilo litaeleweka haraka kuliko mahubiri.

Pili, taasisi zetu zinapopiga au kuchora picha za vijiji kwa ajili ya kalenda na maombi ya misaada, zimwulize mwenye nyumba kwanza: je, unakubali? Na ungependa nyumba yako ionekaneje? Tuna hakika wengi watasema: ngojeni nifagie, na mniletee kiti nikae barazani. Huyo atakuwa mtu kwenye picha, si pambo.

Tatu, tuwanunulie wachoraji wetu picha za kweli. Kama mchoraji anachora kinachonunuliwa, basi parokia na seminari nazo ni wanunuzi. Tumwambie achore baraza la Kivinje lenye bati jipya nusu na makuti nusu. Achore korosho zikianikwa, foleni ya kisimani, mama akisoma ujumbe kwenye simu. Ana uwezo huo. Amekosa mteja tu.

Nne, na hili ni letu sisi mafrateri: tukipelekwa kijijini, tusiishie barazani. Tukikaribishwa ndani, tuingie, tukae, tutazame juu tuone mwanga unapopenya, tuulize paa limekaa mwaka wa ngapi. Padre anayejua hali ya mapaa ya kigango chake atahubiri tofauti, ataomba zaka tofauti, na atapanga michango tofauti.

Nabii Isaya, sura ya 65, anapoieleza mbingu mpya na nchi mpya, hachori mandhari. Anasema watu watajenga nyumba na kukaa ndani yake wenyewe. Ahadi hiyo ni kwa ajili ya mwenye nyumba, aliye ndani. Anayepita barabarani na kuitazama kwa mbali hakutajwa.